Kabla Utosi Haujafunga

Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, na siku zake za kwanza duniani alizipitisha kifuani kwangu, katika chumba chenye wanawake tisa ambao nao walikuwa vifua wazi.

Nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya Rusimbi. Mke wangu aliuza mawese sokoni Ujiji. Asubuhi moja alinipigia simu akasema kichwa kinampasuka na anaona vimulimuli. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamwingiza chumba cha upasuaji, presha imempanda kupita kiasi. Walimtoa mtoto ili wapone wote wawili. Mama akalazwa wodi moja akiwa hajitambui vizuri, mtoto akapelekwa wodi ya watoto njiti, na mimi nikabaki kwenye korido nimeshika kandambili za mke wangu.

Muuguzi mmoja akanifuata, mwanamke mnene wa Kasulu mwenye sauti ya kuamrisha.

"Mwalimu, vua shati."

"Shati?"

"Na fulana. Mtoto anataka joto la mtu na mama yake hawezi. Wewe joto unalo?"

"Ninalo."

"Basi twende."

Akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniwekea mtoto katikati ya kifua, tumbo kwa tumbo, akatufunga pamoja kwa kitenge. Alikuwa na kilo moja na robo. Madaftari ninayobeba kila Ijumaa kwenda kusahihisha nyumbani yalikuwa mazito kuliko yeye. Wale akina mama walinitazama mara moja, wakacheka kidogo, kisha wakanizoea. Jioni ile mmoja wao alinionyesha namna ya kupumua polepole ili mtoto naye afuate.

Siku ya tatu akafika mama mkwe.

Tangu nioe, miaka mitatu, sikuwahi kupeana mkono na mama mkwe wangu. Kwao Kalinzi, katika ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Akitokea mlango huu, wewe unapita ule. Mnasalimiana kwa mbali, kila mtu anaangalia pembeni. Mimi kwetu ni Iringa, nilikuta hayo mambo nikayafuata, na kusema kweli yalinifaa, maana nilimwogopa.

Alikuwa ameteremka mlimani kwa bodaboda, amebeba kikapu cha ndizi na chupa ya uji. Akaingia wodini akiuliza mtoto wa mwanawe yuko wapi, akanikuta nimekaa katikati ya wanawake bila shati.

"Mawe!" akasema, akageukia ukuta. Halafu, bado ameupa ukuta uso, akanisalimu kwa Kiha: "Mwakeye."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa kifuani, Mama."

"Nitamwona ukishavaa."

"Wamesema nisivae."

Yule muuguzi wa Kasulu alicheka mpaka akashika kitanda. Akamwambia maneno ya Kiha, marefu, mengine sikuyaelewa. Mwishowe mama mkwe alivua kitenge alichojitanda mabegani, akaja kinyumenyume huku amekinyoosha nyuma yake kama pazia, akanitupia. Nilifunikwa kuanzia shingoni mpaka magotini, kikabaki kichwa cha mtoto tu. Ndipo akageuka akamtazama mjukuu wake. Alimtazama muda mrefu. Kichwa kilikuwa kama chungwa, na pale juu, ngozi ilikuwa inapanda na kushuka.

"Utosi huu uko wazi sana," akasema. "Usiguswe na mtu."

Kesho yake tu, uliguswa.

Aliyekuja alikuwa dada wa makamo kutoka Tanga, mpole, mwenye miwani, anasukuma mashine ya ultrasaundi yenye gurudumu moja lililokuwa likilia. Sote tulimwita daktari naye kila mara alisahihisha: "Mimi si daktari, mimi ni mpiga picha." Chupa ya jeli alikuwa ameibana kwapani ili ipate joto. Alimlaza mtoto mikononi mwangu, akampaka jeli utosini, akaweka juu yake kile kidude cha kupigia picha, kidogo kama kipande cha sabuni.

"Kichwa cha mtu mzima siwezi kukiona kwa hii," alinieleza. "Mfupa unazuia. Ila mtoto ana dirisha hapa utosini. Likiwa wazi, tunachungulia. Likishafunga, basi."

Kwenye kioo ukatokea ubongo wa binti yangu, kijivu juu ya weusi. Nilitarajia kuona mikunjo, ile ya kwenye picha za vitabu vya sayansi. Ulikuwa laini kama yai lililomenywa.

"Mbona hauna mikunjo?"

"Bado. Hiyo mikunjo ilitakiwa aipate tumboni. Sasa ataipatia hapa nje, mbele ya macho yetu." Akaweka alama mbili ndogo kwenye picha, mashine ikamwonyesha umbali kati yake. "Una kalamu, Mwalimu? Mwenzangu wa kuniandikia leo hayupo."

Nilikuwa na daftari la maandalio ya masomo. Nikaandika ukurasa wa nyuma, jinsi alivyonitajia: upana wa vijumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, kushoto na kulia, urefu wa kile alichokiita daraja, utepe mwembamba unaounganisha nusu mbili za ubongo, upana wa ubongo mdogo wa kisogoni. Zote milimita. Kisha akarudisha kile kidude mahali pamoja mara tatu.

"Hapa kando ya kijumba cha kushoto pamevuja damu kidogo," akasema. "Kwa njiti hutokea, na mara nyingi inakauka yenyewe. Lakini inaweza kuziba njia, maji yakajaa. Kwa hiyo tutapima kila wiki. Tunataka vijumba visipanuke, na ubongo wenyewe uendelee kukua. Umenielewa, baba?"

Nilimjibu ndiyo. Nilikuwa nimeelewa neno damu tu.

Mke wangu alipata nafuu, akaanza kumbeba mtoto mwenyewe, na baada ya wiki sita tukaruhusiwa kurudi Rusimbi. Mama mkwe alihamia kwetu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na humo ndani yeye na mimi tulikuwa tunakwepana kama watu wanaodaiana salamu. Nikiingia jikoni, anatoka uani. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia mtoto: "Mwambie baba yako chumvi imekwisha."

Siku ya kwanza ya kumpeleka mtoto kupigwa picha tukitokea nyumbani, nilikuta kichwani amepakwa dawa nyeusi, nzito, inayonuka moshi na majani. Imeuziba utosi wote. Mke wangu alisema mama yake ameitoa Kalinzi, ni ya kuukinga utosi, wajukuu wote wamepakwa. Sikuthubutu kuifuta. Tukaenda hivyo hivyo, sisi wanne. Mke wangu akakaa kwenye benchi la nje. Alikuwa haingii. Alisema jeli inamtia kichefuchefu, nami nikaliamini hilo kwa muda.

Mpiga picha alipoona ile dawa hakukunja uso. Akamgeukia mama mkwe.

"Shikamoo, Bibi yangu."

"Marahaba."

"Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu. Utosi hauchezewi. Kila wiki mnaubonyeza kwa hicho kichuma, mnataka nini?"

"Nataka kuona kama mjukuu wako anakua huko ndani. Kwa nje unamwona wewe, kwa ndani namwona mimi. Dawa yako inazuia picha. Nitaipangusa na maji ya vuguvugu, na sitabonyeza, naweka tu. Ukiona nimebonyeza, niondoe mkono." Akavuta kiti. "Tena kaa hapa. Mtoto hatulii mpaka ashikwe na mtu anayemjua. Kichwa utashika wewe upande huu, na baba yake upande huu."

Mama mkwe akaitazama mikono yangu, kisha akautazama ule upande wake. Kichwa kilikuwa kidogo, mikono minne ilikuwa mingi. Vidole vyetu vikakutana kisogoni mwa mtoto. Niliona shingo yake imekakamaa, lakini hakuondoa mkono. Tulikaa hivyo robo saa nzima, yeye anaangalia dari na mimi naangalia viatu vyangu, mpaka mpiga picha akasema, "Bibi, tazama kiooni. Huyo ndiye."

Akatazama. Baada ya hapo hakuangalia dari tena.

Ile dawa hakuiacha. Alikuwa anaipaka kisogoni, akisema kule haimzuii mtu.

Wiki mbili baadaye vijumba vya maji vilikuwa vimepanuka. Si sana, milimita moja na ushee, ila cha kushoto zaidi. Mpiga picha akazirudia alama zake, akaita daktari wa watoto, wakazungumza kwa sauti ya chini. Daktari akatueleza kwamba tusubiri wiki nyingine; vikiendelea hivyo, itabidi tumpeleke Mwanza awekewe mrija wa kupunguza maji. Mimi nilikuwa nimewahi kumwona mtoto mwenye kichwa maji, alikuwa jirani yetu utotoni. Niliandika zile namba na mkono wangu ukakosea mstari.

Nje, kwenye benchi, mke wangu akauliza, "Vipi?"

"Iko vile vile," nikasema. "Hakuna kilichobadilika."

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Tulipofika nyumbani, mke wangu akiwa ndani ananyonyesha, mama mkwe akanifuata uani nilikokuwa nachota maji. Akasimama mbele yangu, akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yale yale ya mke wangu, sikuwahi kujua.

"Mwalimu," akasema, "usimdanganye mwanangu."

"Mama, sikutaka—"

"Mimi sijui kusoma hizo namba zako. Lakini yale mashimo meusi wiki iliyopita yalikuwa kama mbegu za boga. Leo yamefutuka. Nimeona. Kama mimi nimeona, yeye ni mama, aambiwe."

"Ataogopa."

"Anaogopa tayari. Unadhani kwa nini haingii mle ndani? Ni jeli?" Akasonya. "Anasema ni yeye aliyemtoa mtoto kabla ya wakati. Miguu ilimvimba mwezi mzima, akaendelea kushinda sokoni. Hayo anayasema kwangu. Kwako anasema jeli."

Niliweka ndoo chini. Nikasema, "Nitamwambia, Mama."

"Sasa hivi. Nitamshika mtoto."

Nilimwambia. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikasirikia, akanikasirikia hasa, kuliko siku yoyote ya ndoa yetu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mlikuwa watatu humo ndani mnajua, na mimi niko nje nahesabu vigae." Nikamwambia habari ya miguu, kwamba mimi pia niliiona imevimba nikamnunulia kandambili kubwa zaidi badala ya kumpeleka hospitali. Ndizo zile nilizokuwa nimezishika kwenye korido. Hapo akalia, na mimi nikalia, na mama mkwe kule uani akaanza kumwimbia mtoto kwa nguvu ili tusijue kwamba anatusikia.

Wiki ile tuliipita kwa shida. Mpiga picha alikuwa ametufundisha kupima mzunguko wa kichwa kwa futi ya kitambaa, mara moja kwa siku, asubuhi. Sisi tulipima mara tano kwa siku. Kila mtu alipima kwa siri na kupata namba yake, ya mama mkwe ikiwa ni fundo aliloweka kwenye uzi.

Siku ya picha ilipofika, mke wangu hakukaa kwenye benchi. Aliingia mbele yetu, akamwambia mpiga picha, "Leo kichwa nashika mimi."

"Karibu, mama. Nilikuwa nakusubiri," yule dada akasema, akatoa chupa ya jeli kwapani.

Gari la kubeba maji lilikuwa linapiga honi nje. Mpiga picha akaweka alama, akafuta, akaweka tena. Mimi kalamu mkononi.

"Andika, Mwalimu." Akataja namba ya kushoto. Ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita. Akataja ya kulia. Ile ile.

"Vimesimama?" nikauliza.

"Vimesimama. Na daraja limerefuka. Njoo uone, mama, hili hapa. Sasa tazama huku juu."

Akaleta picha ya siku ile ya kwanza wodini akaiweka kando ya picha ya leo. Ya kwanza lile yai lililomenywa. Ya leo ilikuwa na mistari iliyopinda, mwingine unaingia ndani, mwingine unatoka, pembeni mwa ubongo wote.

Mke wangu akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Haya ameyafanya lini?"

"Mnapolala. Mnapokula. Anaposhiba maziwa yako."

Mama mkwe akainama juu ya bega lake. "Matuta," akasema. "Huyu mtoto analima." Akanishika mkono, akautikisa kwa nguvu kama mtu anayempongeza mwenzake aliyefaulu mtihani, na wala sidhani kama alikumbuka ni mkono wa nani.

Wiki nne mfululizo vijumba havikupanuka, kisha vikaanza kurudi kidogo. Habari ya Mwanza haikutajwa tena. Picha ikawa mara moja kwa mwezi, na tuliizoea kama watu wanavyozoea kwenda kumwona ndugu. Mama mkwe alirudi Kalinzi kwenye kahawa na maharage yake, lakini siku ya picha alikuwa anashuka. Alikuwa na maswali yake. "Kale kabongo ka nyuma kamenenepa?" Mpiga picha alimjibu kila swali, na kila mara alipewa kitu: mkungu wa ndizi, parachichi, siku moja jogoo aliyefungwa miguu akakaa chini ya mashine akitulia kuliko binti yangu.

Maana binti yangu alikuwa hatulii tena. Alikuwa anakishika kile kidude akitaka kukila. Na dirisha lenyewe lilikuwa linapungua. Kwanza lilikuwa kama tunda la zambarau, kisha haragwe, kisha punje ya nafaka. Picha ikawa nyembamba, pande zinapotea, mpaka mwezi mmoja, mtoto akiwa na mwaka na miezi mitatu, yule dada alizungusha mkono utosini muda mrefu, akauondoa.

"Limefungwa," akasema. "Sioni kitu."

"Kwa hiyo?" mke wangu akauliza.

"Kwa hiyo nendeni nyumbani. Mnachotaka kujua sasa mtakiona kwa macho yenu. Atakaa, atasimama, atasema."

Ilikuwa habari njema, nasi tukasimama pale kama tumefukuzwa. Mama mkwe alipitisha kidole gumba utosini mara mbili tatu, akiutafuta ulaini, hakuupata.

Yaliyofuata yalikuja polepole. Alikaa akiwa amechelewa. Alitembea akikaribia miaka miwili, na mguu wa kulia hugeukia ndani; daktari wa watoto alitueleza kwamba ni alama ya ile damu, akatupa mazoezi, na mke wangu humfanyisha kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Kuongea, hilo halikuchelewa. Anaongea Kiswahili cha mama yake, Kiha cha bibi yake, na amri za kwake mwenyewe.

Mpiga picha alihamishwa kurudi Tanga. Tulimsindikiza stesheni, na mama mkwe alimletea gunia dogo la kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Walikumbatiana muda mrefu. Yule dada aliniomba nimtumie picha ya mtoto kila mwaka. "Ya nje sasa," akasema. Huwa namtumia.

Binti yangu yuko chekechea. Jumapili iliyopita tulikwenda Kalinzi. Bodaboda haifiki mpaka nyumbani kwa mama mkwe, kuna njia ya miguu inayopanda katikati ya migomba, na siku zote nilikuwa nambeba mgongoni. Safari hii alikataa. Alisema yeye ni mkubwa. Tukapanda naye, mimi nyuma, mama yake mbele, mguu wake wa kulia ukijigonga kwenye mizizi. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alikaa chini akaukemea ule mguu kwa Kiha, kisha akainuka.

Kwa mbali nilimwona mama mkwe amesimama shambani na jembe. Alikuwa ametuona. Alianza kuja, akasimama, akarudi kulima pale pale alipokwisha kulima, akijifanya hana habari, mpaka mtoto alipofika mwenyewe akaushika mpini wa jembe, anahema.

"Heee! Nani kakuleta?" mama mkwe akauliza.

"Nimejileta mwenyewe," akasema, akaomba maji ya kunywa.